Siku ya kupima presha mtaani: namna ya kuiandaa, na hesabu ya chumvi ya kurudi nayo nyumbani

Gari la matangazo likipita mtaani kuwaita watu wapime presha bure, watu hawakosekani. Wanakaa foleni, wanafungwa mkanda, wanaambiwa "mama, presha yako iko juu kidogo, upunguze chumvi," wanaondoka. Kazi imeharibika hapo hapo. "Kidogo" si namba, "upunguze" si kipimo, na hakuna aliyeandika jina la huyo mama wala atakayejua kama aliwahi kufika zahanati.

Mwongozo huu ni wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, viongozi wa mitaa na vijiji, vikundi vya kuweka na kukopa, kamati za misikiti na makanisa. Umeandikwa kwa mazingira ya Tanzania. Siku yenyewe ni ya saa nne tu. Kazi kubwa iko kabla yake na baada yake.

Hatua ya 1: Anzeni na zahanati, si na turubai

Kabla ya kukodi viti, nendeni kwa mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Muulizeni mambo matatu: kliniki ya presha na kisukari ni siku gani, dawa za kuanzia za presha zipo au zimekwisha, na anaweza kupokea wagonjwa wapya wangapi kwa wiki. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana presha iliyopanda. Mkipima watu mia, jiandaeni kupeleka ishirini na kitu. Akiwaambia dawa hakuna, ahirisheni. Kumtia mtu hofu ya ugonjwa bila kuwa na pa kumpeleka ni kumtafutia mganga wa mitishamba.

Baada ya hapo iende barua kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Ombeni wapimaji wawili kutoka zahanati. Kufunga mkanda wa presha anaweza mhudumu wa jamii aliyefundishwa. Kuchoma kidole ili kupima sukari aachiwe mtaalamu wa afya.

Kuhusu tarehe: 29 Septemba ni Siku ya Moyo Duniani, na 17 Mei ni siku ya shinikizo la damu. Zinafaa kwa tangazo, lakini siku hizo wataalamu hugombaniwa kila kona. Jumamosi yoyote ya kawaida, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, itawapa wapimaji wasio na haraka.

Hatua ya 2: Hesabuni viti kabla ya watu

Mtu akifika mezani, vipimo viwili pamoja na dakika moja ya kusubiri katikati, kuandika na kumweleza, vinakula kama dakika tano. Meza moja inamaliza watu 12 kwa saa. Meza mbili kwa saa nne ni watu 96. Kwa hiyo msigawe namba zaidi ya mia. Wakija mia mbili, waandikisheni waliobaki kwa siku nyingine. Kukimbiza foleni ndiko kunakozaa namba za uongo.

Vifaa vya kutosha watu mia:

- Mashine tatu za presha za kufunga mkono wa juu, mbili za kazi na moja ya akiba. Za kufunga kwenye kifundo cha mkono ziacheni dukani, kwa sababu mkono ukiwa juu au chini ya usawa wa moyo zinadanganya sana.
- Mikanda ya saizi mbili: wa kawaida, mkono wa sentimita 22 hadi 32, na mkubwa, sentimita 32 hadi 42.
- Betri za akiba. Betri ikichoka mashine hujaza upepo polepole na kurudia rudia.
- Futi ya fundi cherehani mbili, za mkono na kiuno.
- Viti kumi vyenye mgongo. Mabenchi hayafai.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu, pakiti ya chumvi ya nusu kilo, kijiko cha chai, kisu na sahani nyeupe.
- Daftari la mistari, fomu za rufaa na kalamu.
- Kama sukari itapimwa: vipimo, sindano za kutumia mara moja, pamba, glavu na boksi la usalama la kutupia vyenye ncha kali.

Mahali pawe na kivuli, pakavu na kimya. Spika ya muziki ikae mbali na meza. Choo kiwe karibu, na sababu yake inakuja sasa hivi.

Hatua ya 3: Kupima kwa namba ya kweli

Mtu aliyetoka sokoni na mzigo kichwani akipimwa hapo hapo, mashine itapima safari yake, si presha yake. Utaratibu uwe huu, na usirukwe hata kama foleni inanung'unika.

Mkaribishe, mwulize kama katika nusu saa iliyopita amekunywa kahawa au chai ya rangi, amevuta sigara au amefanya kazi ya nguvu. Kama ndiyo, asubiri nusu saa. Mwelekeze chooni kwanza, maana kibofu kilichojaa peke yake kinaweza kupandisha namba ya juu kwa 10 au zaidi.

Akae kwenye kiti cha kusubiria dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili imegusa chini bila kukunjana. Hapa ndipo simu huwekwa mfukoni. Wakati huo huo mhudumu mwingine apime mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, amwandikie kwenye karatasi ya foleni saizi ya mkanda wake. Mkanda wa kawaida ukifungwa kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ukweli, na mtu atapewa ugonjwa asionao. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba unasoma chini, na mgonjwa atarudi nyumbani akichekelea.

Mkono uwe wazi. Kupandisha mkono wa sweta hadi ubane ni kosa sawa na kufunga juu ya sweta. Kwa akina mama waliovaa baibui, pawe na pembe iliyozibwa na mpimaji mwanamke. Ukingo wa chini wa mkanda ukae vidole viwili juu ya kikunjo cha kiwiko, na vidole viwili vipite chini ya mkanda. Mkono ulale juu ya meza, kiganja kikiangalia juu, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Meza za plastiki nyingi ni fupi, kwa hiyo kunja kanga mara kadhaa uiweke chini ya kiwiko mpaka usawa upatikane. Mkono unaoning'inia unaongeza takriban 10 kwenye namba ya juu.

Bonyeza, kisha kila mtu anyamaze. Kumwuliza "watoto hawajambo?" mkanda ukiwa unabana kunapandisha namba. Ukimaliza andika, subiri dakika moja, pima tena. Namba mbili zikitofautiana kwa zaidi ya 10, pima mara ya tatu na uchukue wastani wa mbili za mwisho. Usisome matokeo kwa sauti. Mwandikie na mwoneshe.

Hatua ya 4: Namba inasema nini, na mtu aende wapi

Presha ina namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unapojikaza, ya chini ni moyo unapopumzika. Inatosha moja tu kuvuka mpaka, na mtu ameingia kundi hilo.

Chini ya 130 kwa 85: sawa. Arudie baada ya mwaka.

130 hadi 139 kwa 85 hadi 89: bado si ugonjwa, ila njia inaelekea huko. Apite meza ya chumvi, apimwe tena mtakaporudi baada ya miezi mitatu.

140 hadi 159 kwa 90 hadi 99: apewe fomu, arudie kipimo zahanati ndani ya wiki moja hadi nne. Usimwambie "una presha" kwa kipimo cha siku moja. Ugonjwa huthibitishwa kwa vipimo vya siku tofauti.

160 hadi 179 kwa 100 hadi 109: fomu, na aende wiki hiyo hiyo.

180 kwa 110 na kuendelea: mkalishe, mtulize, rudia baada ya dakika tano hadi kumi. Ikibaki hapo, aende siku hiyo hiyo na mtu wa kumsindikiza, hata kama anasema hajisikii vibaya. Ikiwa ana maumivu ya kifua, anakosa pumzi, anaona ukungu, amechanganyikiwa, au uso na mkono vimelegea upande mmoja, ni gari hadi hospitali sasa hivi.

Mjamzito ana sheria yake: 140 kwa 90 tu inatosha kumpeleka siku hiyo hiyo, kwa sababu inaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba.

Watakuja wanaosema "mimi presha yangu ni ya kushuka". Wengi wao hawajawahi kupimwa, wamesikia kizunguzungu tu. Wapime kama wengine. Na watakuja waliokuwa wanameza dawa wakaacha kwa sababu namba ilirudi 120. Hao waelezwe bila kukaripiwa: namba ilirudi kwa sababu ya dawa. Choya, kitunguu saumu na limao hawakatazwi, ila haviwi badala ya kidonge.

Kiuno kipimwe pia, usawa wa juu kidogo ya nyonga, mtu akitoa pumzi. Mpaka unaotumika ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Kwa wanaobishana na mpaka huo, na watakuwepo, kuna kipimo rahisi: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako.

Hatua ya 5: Meza ya chumvi

Hapa ndipo msipunguze muda. Mtu mmoja mwenye kujua jikoni, ikiwezekana mama lishe anayeheshimika mtaani, akae na mizani mbele yake.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, pamoja na chumvi iliyojificha kwenye mkate, samaki mkavu na viungo vya pakiti. Usianze kwa kulitaja hilo. Anza kwa kuuliza: "Nyumbani mko wangapi mnaokula chungu kimoja, na pakiti ya nusu kilo inakaa siku ngapi?"

Akishajibu, fanya hesabu mbele yake: gramu 500, gawanya kwa siku, gawanya kwa watu. Nyumba ya watu 5 inayomaliza pakiti kwa siku 10 inatumia gramu 10 kwa kila mtu, mara mbili ya kiwango. Pima gramu 10 kwenye mizani, zimwage kwenye sahani nyeupe. Pembeni weka gramu 5. Aangalie mwenyewe. Fungu hilo la kwanza ndilo mtoto wake wa miaka sita anakula pia, na mtoto alitakiwa kula pungufu ya mtu mzima.

Anayesema hajui pakiti inakaa siku ngapi hana kosa, hakuna anayehesabu. Mpe kazi moja tu: leo akifungua pakiti mpya aandike tarehe juu yake kwa kalamu. Mtakaporudi atakuwa na jibu. Ulizeni pia kama chumvi hiyo hutumika kuhifadhi samaki au kusukutulia mdomo, vinginevyo hesabu itaonesha nyumba inakula chumvi nyingi kuliko inayokula kweli.

Lengo kwa watu 5 ni pakiti ikae siku 25, yaani gramu 4 kila mmoja kutoka kwenye chungu, ili ibaki nafasi ya chumvi iliyojificha. Asishuke kutoka siku 10 hadi 25 kwa mkupuo. Chakula kitasusiwa, naye atarudia alikotoka. Mwezi wa kwanza ifike siku 13, wa pili 16, halafu 20, halafu 25. Ulimi unazoea ndani ya wiki chache, na baadaye chakula cha zamani ndicho kitakachoonekana kuwa chumvi tupu.

Njia inayofanya kazi ni kopo la siku. Asubuhi pima chumvi ya siku nzima, iweke kwenye kopo dogo la krimu lililooshwa, funga pakiti kubwa uipandishe juu. Kwa watu 5, vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa ni kama gramu 20 hadi 24. Kopo likiisha mchana, usiku ni ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, ukwaju, embe bichi, bizari. Tatizo la kawaida hapa ni wapishi wawili: dada anatia chumvi, shangazi anapita anaonja anaongeza. Kopo moja linaumaliza huo mgogoro, maana kila mmoja anaona kilichobaki.

Ilipojificha:

Vidonge vya mchuzi na unga wa mchuzi wa pakiti. Soma orodha ya viungo nyuma. Mara nyingi chumvi ndiyo ya kwanza, maana yake ndiyo nyingi kuliko kingine chochote humo. Ukitia kidonge, usitie chumvi nyingine.

Magadi. Wengi huyaona kama dawa ya kulainisha maharage na mlenda tu, lakini magadi ni sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi inayopandisha presha, ila haina ladha ya chumvi ya kukushtua. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Yataiva bila magadi na gesi ya tumboni itapungua.

Ng'onda, papa mkavu na dagaa wa chumvi. Loweka saa kadhaa, badilisha maji mara mbili, kisha usitie chumvi kabisa kwenye mchuzi wake.

Bidhaa za dukani zilizoandikwa sodiamu badala ya chumvi: zidisha kwa 2.5. Biskuti yenye miligramu 400 za sodiamu kwa gramu 100 ina gramu moja ya chumvi.

Jambo moja la kusisitiza: chumvi ipungue, lakini iendelee kuwa yenye madini joto. Ukikimbilia chumvi ya mawe isiyo na madini hayo umeepuka presha kwa kukaribisha tezi la shingo, na hata presha hujaiepuka, kwa sababu chumvi ya mawe, ya baharini na ile ya waridi ya bei mbaya zote ni chumvi. Zipo pia chumvi za potasiamu kwa wagonjwa wa presha. Mwenye ugonjwa wa figo asiziguse bila daktari.

Hatua ya 6: Dumu la mafuta na sukari ya chai

Hesabu ni ile ile. Dumu la lita 5 likiisha kwa mwezi kwenye nyumba ya watu 5, kila mmoja amekunywa mililita 33 kwa siku, zaidi ya vijiko viwili vya chakula, karibu kalori 275 za mafuta matupu. Lita 3 kwa mwezi ni lengo linalofikika. Linaanza kwa kuacha kumimina kutoka mdomo wa dumu na kupima kwa kijiko. Kwa mboga ya watu 5, vijiko viwili hadi vitatu vinatosha. Kitunguu kikianza kushika sufuria, ongeza maji kidogo badala ya mafuta.

Aina nayo ina uzito. Alizeti ina mafuta mazito, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya, machache. Mawese yana karibu nusu, nazi ina mengi zaidi ya hapo. Ya mgando ya kiwandani ndiyo ya kuacha kwanza. Si kwamba Kigoma waache mawese na Tanga waache nazi, hilo halitatokea na hakuna haja ya kulipigia kelele. Wali wa nazi uwe wa siku moja au mbili kwa wiki, na siku nyingine samaki apikwe kwa tui jepesi la nazi moja badala ya mbili. Na msidanganywe na chupa iliyoandikwa "haina kolesteroli". Hakuna mafuta ya mmea yaliyowahi kuwa nayo kwa kiasi cha kutajwa. Hilo ni tangazo tu.

Mafuta ya kukaangia yaliyobadilika kuwa kahawia, yanayotoa povu, yanayonata au yanayotoa moshi kabla hata kiazi hakijaingia, yamekufa. Kuyachanganya na mapya kunayaharibu mapya.

Sukari: kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4, cha kujaza ni zaidi. Vikombe vitatu kwa vijiko vitatu ni gramu 36. Ongeza soda moja ya kola ya mililita 300, yenye zaidi ya gramu 30, na umevuka gramu 50 ambazo ndizo mpaka wa juu kwa siku. Punguza nusu kijiko kila wiki. Mwezi wa Ramadhani hesabu hii huvurugika kwa juisi, kaimati na tambi za sukari zote kwenye sinia moja. Futari ianze kwa tende na maji, uji uwe wa sukari kidogo, na kimoja tu kati ya vya kukaanga. Anayemeza dawa za presha au kisukari aende kliniki kabla ya mwezi kuandama apangiwe saa za dawa, asijipangie.

Mboga na matunda vifike gramu 400 kwa siku. Viazi, mihogo na ndizi za kupika hazihesabiwi humo. Bakuli la mchicha au matembele mchana, jingine usiku, na matunda mawili, umefika.

Hatua ya 7: Mkutano mfupi na mama lishe na wauza chipsi

Vijana wengi wa mtaa hawapiki nyumbani. Ukimfundisha mama mwenye nyumba ukamwacha mama lishe, umefundisha nusu. Waiteni kwa kikao cha saa moja siku tofauti, saa ambazo hawapiki, na ombeni mambo yasiyowapunguzia mauzo: kichupa cha chumvi kitoke mezani kiletwe mteja akiomba, chipsi zitoke kikaangioni bila chumvi na mteja ajitilie mwenyewe, kachumbari na mboga ziongezwe sahani ileile, mafuta yabadilishwe kwa dalili zilizotajwa hapo juu. Msiwaambie waache chipsi.

Hatua ya 8: Kutembea

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikawa ya mazoezi. Ni mwanzo mzuri wa kukusanya watu, lakini mwili hautunzi mazoezi ya mwezi mzima kwa siku moja. Kinachotakiwa ni dakika 150 kwa wiki angalau, yaani nusu saa siku tano. Kasi yake: unaweza kuongea, huwezi kuimba. Kwa wengi nusu saa hiyo ni kilomita mbili na nusu hadi tatu. Inaweza kugawanywa dakika kumi kumi. Siku mbili kwa wiki ongeza kazi ya misuli. Anayechota maji kwa ndoo au kulima kwa jembe tayari anayo. Anayekaa dukani kutwa hana.

Kikundi cha kutembea kianzie mahali penye taa, saa 12 asubuhi au jioni, wawili wawili. Mtu akibanwa kifua akitembea na kupata nafuu akisimama, asiambiwe "jikaze, hujazoea". Asimame, na aende hospitali kabla ya kutembea tena.

Tumbaku na pombe

Sigara, shisha, ugoro na kuberi, zote tumbaku. Hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hupungua kwa takriban nusu mwaka mmoja baada ya kuacha sigara, na hilo liwekwe wazi kwa wazee wanaosema wameshachelewa. Moshi wa anayevuta ndani unamfikia mke na watoto. Moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha nao haubagui. Pombe inapandisha presha, na hakuna kiasi cha kuanza kunywa kwa ajili ya moyo.

Koo la mtoto

Kuna ugonjwa wa moyo usiotokana na chumvi wala umri. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 akiwa na homa na koo linalouma, bila mafua wala kikohozi, apelekwe zahanati. Koo la bakteria likiachwa linaweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo ikaharibu vali za moyo, yaani milango ya damu ndani yake. Dawa zimalizwe zote hata koo likipona siku ya pili. Mtoto aliyekwisha kuambiwa ana tatizo hilo huchomwa penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka. Anayekosa sindano ndiye anayefika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili akiwa anahitaji upasuaji.

Hatua ya 9: Dharura, kabla haijatokea

Kila nyumba iandike ukutani namba ya dereva wa bajaji au teksi anayepokea simu usiku, na jina la hospitali yenye daktari saa zote. Maumivu ya kubana katikati ya kifua yanayozidi dakika chache, yanayokwenda bega, mkono wa kushoto, taya au mgongo, jasho baridi, kukosa pumzi: ni moyo mpaka daktari aseme vingine. Kwa wanawake inaweza kuja kama uchovu mkali, kichefuchefu na pumzi fupi, na ndiyo maana huchelewa wakidhani ni vidonda vya tumbo. Akae, asitembee, asilazwe kusubiri asubuhi.

Uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi. Andika saa dalili zilipoanza, daktari ataiuliza. Usimpe maji, chakula wala dawa, koo lake huenda halimezi. Hana jini.

Hatua ya 10: Daftari

Safu zake: namba, jina, umri, nyumba au balozi, simu, presha ya kwanza na ya pili, kiuno, siku za pakiti ya chumvi, alipoelekezwa, tarehe aliyofika. Safu ya mwisho ndiyo inayoachwa tupu, na bila hiyo siku nzima ilikuwa burudani. Kila wiki mhudumu wa jamii achukue majina ya walioelekezwa, ayalinganishe na rejista ya kliniki, aende kwa wasiofika. Aulize sababu bila hukumu. Zitakuwa nauli, foleni, mume hakuruhusu, au "sijisikii kuumwa". Ya nauli na foleni inazungumzika na mganga mfawidhi. Kwa asiyejisikia kuumwa, rudi na mashine, mpime nyumbani kwake mbele ya mwenzi wake.

Baada ya miezi mitatu rudieni kupima walioandikwa, kwa mashine zile zile na mikanda ile ile, na muulize tena pakiti inakaa siku ngapi. Mwenye kupungua kutoka 148 hadi 141 asishangiliwe kama aliyepona wala asikatishwe tamaa. Bado yuko juu ya mpaka na bado anatakiwa kliniki. Daftari lenyewe likae zahanati kwenye kabati la kufungwa, lisilale nyumbani kwa mwenyekiti wala kupigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.